Asili ya babu na samaki wa kupaka

SWALI: Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa Mwislamu, alikuja Kisumu kwa kazi ya reli, akaoa na kuzikwa huku. Sisi wajukuu tunachojua ni kwamba "alitoka Mombasa" tu. Desemba hii nataka kumpeleka mama, mwenye miaka 74, pwani kwa juma moja ili tuwatafute jamaa zake, naye apate kula samaki wa baharini ambao baba yake aliwasifu hadi siku zake za mwisho. Tuanzie wapi? – Msomaji, Kaloleni, Kisumu.

JIBU: Dada yetu, anzieni hapo hapo Kaloleni kabla ya kukata tiketi. Huku kwetu ziwani, mgeni aliyekuja na reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, aliitwa mtu wa Mombasa hata kama kwao ni Lamu, Vanga au Tabora. Kwa hiyo mkalishe mama, mumrekodi kwa simu akikumbuka matamshi ya baba yake. Ikiwa babu alisema "mayi" na "moya" badala ya "maji" na "moja", ulimi huo ni wa Lamu na visiwa jirani, na Mombasa itakuwa njia tu. Ikiwa alijitaja kuwa Mkilindini, Mchangamwe au Mjomvu, basi mna bahati kubwa, kwa sababu hayo ni miongoni mwa mataifa, yaani makundi ya kijadi, kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na wazee wa Mji wa Kale watajua wawaelekeze mtaa gani. Tafuteni pia cheti chake cha ndoa. Sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu ilitungwa mwaka 1906, hivyo bisheni hodi kwa kadhi wa Kisumu kwanza.

Jambo moja nalisema kwa heshima. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wengi waliojiita Waswahili walikuwa watoto wa watu walioletwa kutoka Uyao, nchi ya Wayao, na Nyasa. Mkikuta ukoo unakatikia hapo, msimfiche mama, wala msimruhusu mtu awadharau. Huyo pia ni babu yenu.

Mkifika, msianze kwa kuuliza makaburi. Nendeni msikitini baada ya sala ya alasiri, mumwamkie imamu, mtaje jina la babu na la baba yake, kisha msubiri. Majibu huja kesho yake, kupitia kwa mtu mwingine kabisa.

Kuhusu chakula, mmechagua vyema, kwa kuwa Desemba ni msimu wa upepo wa kaskazi na bahari ni shwari kuliko wakati wa upepo wa kusi. Jioni mkanywe supu ya pweza yenye ndimu. Ila nawasihi msikose changu wa kupaka: hupasuliwa, huchomwa juu ya makaa, hupakwa tui zito lililopikwa kwa ukwaju na pilipili, kisha hurudishwa motoni mpaka tui limshike. Mwacheni mama aonje wa kwanza. Ikiwa nyumbani kwao ngege, samaki wetu wa ziwani, alipikwa hivyo hivyo kwa nazi, atawaambia palepale, na hapo mwulizeni ni nani aliyemfundisha bibi kupika namna hiyo.