Darubini ya kutazamia ndege: 8x42 au 10x42?
Ndugu, umeuliza uchukue ipi kwa ajili ya Ziwa Nakuru na msitu wa Kakamega. Ukiwa na pesa ya moja tu, nunua 8x42. Hiyo 8 ni mara inazokuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2 tu, na chini ya miti ya Kakamega alfajiri tofauti hiyo utaiona. Tena 10x hukuza hata mtetemo wa mkono, na ndege anayerukaruka matawini humpati upesi. Kwa heroe walio mbali ziwani, kweli, 10x inashinda.

Kabla ya kulipa, itazame nguzo ya stima iliyo mbali. Ukiona nguzo mbili, vioo vya ndani vimehama; irudishe.