Makucha ya loda: mmeuliza, nawajibu

Trekta yangu ni ya hospawa 50 na ina loda mbele, ile mikono ya kuinua mizigo. Ninunue makucha ya kushika magogo ya ukubwa gani? (Ruai)

Ndugu, wachana na hospawa kwanza, uliza loda inainua kilo ngapi. Iko kwa kitabu chake, na mara nyingi hiyo namba imepimwa pale kwa pini za kufungia baketi, lakini mzigo wako utakaa mbele ya pini kwa hivyo tayari umepungukiwa, halafu bado utoe uzito wa makucha yenyewe. Tuseme loda ni kilo 700 na makucha ni 250, umebaki na 450 na hujashika hata tawi. Gogo bichi la mkaratusi la mita 3, unene sentimita 30, linakaribia kilo 200. Mawili na umefika mwisho! Chukua nyepesi, upana usipite sana magurudumu, na ile nzito uliyoiona Industrial Area waachie wenye mashine kubwa.

Taya moja ya juu ama mbili? (Kikuyu)

Mbili zinafunga kila moja kivyake, kwa hivyo kisiki kinene upande mmoja na matawi upande mwingine vyote vinashikwa. Lakini zinaongeza uzito na bei. Kwa trekta ndogo, moja inatosha.

Fundi anasema makucha yatatumia laini ya oili ya baketi ile ile, aweke tu swichi. Ananidanganya? (Kitengela)

Hapana, inawezekana kabisa. Anaweka valvu, ukifinya batani oili inaenda kwa makucha badala ya kuinamisha baketi, ila huwezi fanya zote mbili kwa wakati mmoja. Kama ni kazi ya kila siku weka laini yake kando, utashukuru.

Nikiinua magogo, nyuma inakuwa nyepesi mpaka tairi zinateleza. Niongeze weti za mbele? (Kamulu)

Tafadhali usiongeze mbele, hapo unamalizia ekseli! Uzito unaenda nyuma, kwa linki tatu, pale unafungia plau. Pipa la lita 200 likijazwa zege linafika karibu kilo 480, mradi linki yako inabeba hiyo. Na hii si ya kuchukulia poa, trekta nyingi breki ziko magurudumu ya nyuma, yakielea kwa mteremko huna breki. Tembea na mzigo chini karibu na ardhi, mkanda umefungwa.

Paipu inavuja kidogo, napapasa na mkono lakini sioni ni wapi. (Utawala)

Wacha mara moja, nakuomba! Oili yenye presha inatoboa ngozi hata ukiwa na glavu. Pitisha kipande cha katoni mahali unashuku, ukishapajua shusha loda chini, zima injini, chezesha leva presha iishe ndio uguse nati. Na ikishakuingia, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na halikuumi, enda hospitali saa hiyo hiyo na umwambie daktari ni oili ya haidroliki.