Balozi na Kamishna Mkuu: nani mkubwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwakilishi wa Kenya hapa Dar kwa Kiingereza ana cheo tofauti na wa Marekani, wakati sisi wote tunawaita balozi, na nani mkubwa. Nimepanga viti vya hafla za kibalozi miaka kadhaa, nikuambie nilichojifunza kwa kuumbuka.

Nchi za Jumuiya ya Madola, kama sisi na Kenya, zikipelekeana mwakilishi humwita Kamishna Mkuu; Marekani haimo. Canada ilimpeleka Alexander Galt London mwaka 1880 kwa cheo hicho. Malkia wa Uingereza ndiye alikuwa mkuu wa nchi kwa pande zote mbili, sasa hati ya utambulisho, ile barua ya mkuu wa nchi kwa mwenzake ya kumtambulisha balozi, angejiandikia mwenyewe? Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwaka 1962 Malkia akaondoka, jina likabaki. Leo Kamishna Mkuu anakabidhi hati zake Ikulu kama balozi yeyote, na hadhi ni ileile. Kiswahili kimemaliza ubishi: wote balozi.

Anayemtangulia mwenzake ni aliyeanza kazi rasmi mapema zaidi. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Vienna wa 1961 wa uhusiano wa kidiplomasia: daraja kwanza, kisha tarehe, hata saa. Balozi wa kisiwa kidogo akiwa amewahi, wa taifa kubwa atakaa nyuma yake. Mimi sikujua. Hafla yangu ya kwanza nilipanga kwa ukubwa wa nchi, nikamweka mbele kabisa kaimu balozi wa taifa moja kubwa. Mzee wa itifaki akanivuta shati: "Kijana, huyo kaimu, hati hajapeleka kwa Rais." Kaimu jina lake huishia Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hiyo hukaa baada ya mabalozi wote. Nilihamisha kibao wageni wameshaanza kushuka kwenye magari, jasho linanitoka.

Halafu hili "balozi mdogo" lisikuchanganye. Huyo ni konseli, kama yule wetu wa Dubai au Mombasa. Kazi yake pasi za wananchi, viza, biashara.

Kwenye kadi, wote wawili uliowauliza andika "Mheshimiwa Balozi". Kaimu andika "Kaimu Balozi", usimpandishe. Na ukisikia Balozi Fulani ambaye hajawahi kuishi nje, usishangae: Rais anaweza kumpa mtu hadhi hiyo akiwa ofisini kwake Dodoma, na hata akistaafu tutaendelea kumwita hivyo.