Maswali ya wasomaji: Tunaenda Réunion, ile volkano ya Piton de la Fournaise tuipandeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwezi wa nane mimi na mume wangu tunaenda kisiwa cha Réunion, kile cha Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, ana ndugu yake anaishi Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa, na tumepania kupanda ile volkano yao. Mie Ol Doinyo Lengai nilishapanda, ila zamani kidogo. Kiingilio cha hifadhi shilingi ngapi, ni lazima mwongozaji, na moto tutauona kweli? Alafu kuna joto kama huku kwetu au nibebe masweta?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama mdogo wangu, na hongera kwa safari. Nianze na masweta maana hapo ndo wengi wanaumbuka. Ukishuka uwanja wa ndege unaona minazi na bahari unasema aah ni kama nyumbani tu, sasa kule mnakoanzia kupanda, panaitwa Pas de Bellecombe, ni mita 2,311 juu ya bahari na mwezi wa nane kwao ndo kipupwe, alfajiri nyuzi zinaweza kushuka karibu na sifuri na upepo juu yake. Beba jaketi zito, kofia ya kuziba masikio, na kofia ya jua pia, maana jua likitoka hakuna hata mti mmoja wa kujibanza.

Kiingilio hamna. Hifadhi ya taifa ya Réunion haina geti la kulipia kama Kilimanjaro na mwongozaji sio lazima, njia imepigwa alama za rangi nyeupe juu ya mawe, mnazifuata hizo hizo kwenda na kurudi.

Kubwa ninalotaka mlishike ni muda. Mlima huu, Piton de la Fournaise, una mita 2,632, yaani sio mrefu wa kutisha, shida yake ni ukungu. Asubuhi kweupe kabisa, ikifika saa nne saa tano mawingu yanapanda kutoka baharini yanafunika kila kitu, mnafika ukingoni mwa kreta, lile shimo la kileleni, mnaona weupe mtupu, na zile alama nyeupe nazo hazionekani ndo watu wanapotea. Kwa hiyo msitoke Saint-Denis baada ya chai! Tokeni saa kumi alfajiri, ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari, au bora zaidi mlale La Plaine des Cafres mkaribie. Njiani baada ya kijiji cha Bourg-Murat mnapita malisho ya ng'ombe, mara barabara inateremka ghafla kwenye Plaine des Sables, uwanda mzima mweusi na mwekundu wa tofali, simamisheni gari hapo mtazame kwanza kabla ya kuteremka, mie kwangu hapo ndo pazuri kuliko hata kreta yenyewe.

Kutoka maegesho ya Pas de Bellecombe mnashuka ngazi nyingi kwenye ukuta wa mwamba (magoti mtayasikia wakati wa kurudi), mnatokea kwenye kilima kidogo chekundu cha Formica Leo, kilizaliwa mwaka 1753, alafu ni lava tupu iliyoganda, kwengine laini imejikunja kama shuka iliyovuliwa, kwengine makali ya kukata kiganja ukijishikilia vibaya. Vaeni buti, sio raba za mjini. Kwenda na kurudi wekeni saa tano mpaka sita, na maji mbebe yenu, njiani hakuna hata tone.

Juu mtaona kreta ya Dolomieu. Aprili 2007 sakafu yake iliporomoka zaidi ya mita 300 ndani ya siku chache, kwa hiyo ukingo umepasukapasuka, msivuke uzio kwa ajili ya picha. Moto ndani msitegemee, mara nyingi mlima unatema ubavuni sio kileleni.

Na viza, jamani: Schengen ya kawaida, ile viza ya nchi za Ulaya, haiingizi mtu Réunion ingawa ni Ufaransa, mwombe viza inayotaja kisiwa chenyewe.

SWALI: Mie naenda Réunion mwakani. Nasikia mlima ukilipuka wanafunga geti. Hakuna njia za panya nikaione lava karibu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Zipo, na nakuomba usizipite. Geti la Bellecombe linafungwa kwa amri ya serikali kwa sababu ardhi inaweza kupasuka sehemu mpya, na gesi ya salfa ikikubana kifuani kwenye ukungu usiku, wa kukuokoa lazima ahatarishe roho yake. Uliza Bourg-Murat, ndo kuna makumbusho ya volkano, watakwambia wapi wameruhusu watu kusimama. Lava ikishuka hadi Grand Brûlé upande wa mashariki, unaiona ukiwa barabara ya pwani bila kuvunja sheria. Na hata usipobahatika, pita Piton Sainte-Rose: mwaka 1977 lava iliunguza nyumba za kijiji, ilipofika kanisani ikaingia kidogo mlangoni ikaganda, nyingine ikalizunguka jengo. Lava ile bado ipo imeegemea kuta, unaishika kwa mkono, na hapo unafika kwa gari saa yoyote mradi usiwe msimu wa vimbunga, hasa Januari mpaka Machi.