Upinde wa mbao za kubandika: nimevunja tatu, wa nne ndo huu

Mtu akija karakana kwangu akaona upinde umening'inia ukutani, swali la kwanza ni lile lile, "fundi, huu mti gani?" Jamani, mti sio ishu. Pinde tatu nilizovunja zilikuwa na mbao nzuri kuliko huu wa nne. Zilimalizwa na unyevu, gundi na papara zangu mwenyewe, kwa hiyo leo nakaa hapo, mambo ya mti nitayagusa nikipita.

Kwanza kwa nini ubandike. Upinde ukivutwa, mgongo wake (upande unaotazama shabaha) unavutika kama kamba, na tumbo lake, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na mbao inayoziweza zote mbili ni ya kutafuta kwa tochi. Waingereza wa zamani walikuwa na mti wao unaitwa yuu, weupe wa nje unavumilia kuvutwa, kiini kinavumilia kubanwa, yaani Mungu kashawabandikia, wao kazi yao kuchonga tu. Meli yao ya Mary Rose iliyozama 1545 zimetolewa humo pinde zaidi ya 130, za mti huo huo. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi nao wanachonga fimbo moja, lakini wao wanajua fimbo ya kukata tangu utotoni, mi nimezaliwa mjini nanunua ubao kwa futi, na ubao wa mashine nyuzi zake mara nyingi zimekatwa mshazari, ukiupinda unapasukia hapo hapo. Ndo maana nikaenda kwenye mwanzi. Wajapani upinde wao mrefu wanautengeneza kwa mianzi na mbao, unazidi mita 2, na wamefanya hivyo karne na karne, sio kitu cha kubahatisha.

Mwanzi unakaa mgongoni. Tafuta uliokomaa, miaka mitatu na kuendelea, ukatwe kiangazi maana ukikatwa na utamu wake wadudu wanautoboa mpaka unatoa unga. Na uwe mnene! Mi mara ya kwanza nilibeba mwembamba, nikaupasua, kipande kikatoka kimebinuka kama gata la bati, nikakiranda upande wa ndani kiwe bapa, katikati bado milimita 6 na pembeni kimeisha kabisa. Unachotaka ni milimita 3 katikati na 1.5 hivi pembeni. Ukiacha nene mgongo unakuwa na nguvu kuliko tumbo, halafu tumbo linaanza kukunjika mikunjo midogo midogo kama ngozi ya kiwiko. Vifundo vya mwanzi usivifyeke, pitisha msasa taratibu basi.

Kwangu mimi tabaka la katikati niliweka mninga milimita 5, tumboni mtiki wa milimita 10 nikijua nitaupunguza baadaye. Mpingo niliwahi kuujaribu tumboni kwa sifa tu, aisee ule mti unazama kwenye maji, sasa mikono ya upinde (ile nusu ya juu na ile ya chini inayojipinda) ikiwa mizito hivyo mshale unatoka kama umelazimishwa.

Sasa unyevu. Hapa ndo wengi tunajidanganya, unashika ubao unasema "umekauka huu". Umejuaje? Mi siku hizi naazima mizani ya jikoni ya mke wangu, napima kila kipande baada ya siku tatu na naandika kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Kile cha mtiki kilisoma gramu 412, 398, 391, 389, 389. Zikijirudia namba mbili ndo nakiamini. Wakati wa masika hapa Morogoro unaweza kungoja mwezi na zaidi, ngoja tu, nilikuwa naweka juu ya dari chini ya bati.

Gundi. Upinde wa kwanza nilitumia gundi nyeupe ya maji, ile tunayobandikia milango, nikasema mlango haujawahi kuniachia miaka kumi sasa upinde utaniachiaje. Kumbe mlangoni gundi inasaidiwa na ulimi wa mbao uliochomekwa, kwenye upinde tabaka zinataka kuteleza moja juu ya nyingine kila ukivuta, na gundi ile ikipata joto inalainika. Nilikuwa nimefika inchi 20 tu za kuvuta, nikasikia mlio mwembamba kama mlango wa kabati, halafu PA, mwanzi umefumuka mkononi. Nikakaa chini nikaangalia palipoachia. Pamelala utando wa gundi unang'aa kama plastiki, hakuna hata unyuzi mmoja wa mbao uliong'oka. Hiyo ndo ya kukariri, kiungo kizuri kikivunjika kinaondoka na nyama ya mbao, kikiachia kisafi namna ile ujue gundi haikushika kitu.

Wa pili nikahamia araldaiti ya kuchanganya mirija miwili, ile ya kukauka polepole, sio ya dakika tano. Gundi safi, ila mimi nikakaza jiriwa kama nabana chuma cha geti, gundi yote ikamwagika nje na ndani pakabaki pakavu. Imekula kwangu tena. Araldaiti haitaki nguvu nyingi, inataka mbao zigusane sawasawa na ibaki kidogo katikati. Na mtiki una mafuta, ufute kwa thina safi mpaka kitambaa kisitoke na rangi, pitisha msasa mkavu, bandika siku hiyo hiyo.

Jiriwa nikaachana nazo. Nachukua tyubu ya baiskeli iliyokufa, naikata vipande vya upana wa vidole viwili, nazungusha kuanzia katikati kwenda nchani huku naivuta, inabana sawa pande zote kuliko klampu yoyote niliyonayo na mafundi baiskeli wanakupa bure. Chini kuna ubao wa fomu ambao ncha zake zimeinuka sentimita 4, ili upinde ukikauka uwe umejipinda kidogo kwenda mbele, hiyo inaupa kasi. Fomu ivishe nailoni, mi nilitumia ile inayokuja na godoro jipya, usipovisha utabandika upinde na fomu yake, usije ukasema sikukuambia. Acha siku mbili.

Wa tatu ulibandikwa vizuri kabisa. Huo niliuua kwa papara zangu. Rafiki kaja, "hebu tuone unavutikaje", nikauvuta mpaka shavuni wakati mkono mmoja wa upinde bado mgumu na mwingine laini, ule laini ukabeba mzigo wote.

Kusawazisha, yaani kukwangua mpaka mikono yote miwili ijipinde vizuri, ndo kazi yenyewe, usiikimbize. Nauweka upinde juu ya mti wenye mikato kila inchi moja, kamba inapita kwenye kapi chini, nasimama mbali navuta, kwenye kamba nimefunga mizani ya kuning'iniza. Sheria yangu ni kwamba nikitaka upinde wa paundi 40, ambazo ni kama kilo 18, basi siuvuti hata siku moja kupita paundi 40, iwe umefika inchi 12 au 28, namba ikifika narudi kukwangua. Kukwangua natumia kipande cha kioo kilichovunjika, randa inakula sana. Kumbuka unene sio sawa na upana, ukipunguza upana nusu nguvu inabaki nusu, ukipunguza unene nusu inabaki moja ya nane, kwa hiyo hata nusu milimita inaongea. Palipo pagumu napaka penseli, nakwangua mpaka penseli iishe, navuta mara 30 ndo naangalia tena, kwa sababu mbao inachelewa kukubali. Ukiona sehemu imejikunja kama goti usiiguse kabisa, kwangua jirani zake. Jicho linadanganya, mi napiga picha kwa simu halafu naigeuza juu chini, kasoro inajitokeza yenyewe. Mkono wa chini uache mgumu kidogo kuliko wa juu.

Ugwe, yaani kamba ya upinde, usiwe wa nailoni ya wavuvi, unanyooka mno. Tafuta uzi wa poliesta, suka nyuzi za kutosha. Ukishaufunga, pima kutoka mshikio mpaka kwenye ugwe kwa ngumi yenye dole gumba lililosimama, ipatikane inchi 6 hivi. Na upinde huu ni wa shabaha tu, hapa kwetu kuwinda bila kibali ni kesi, mi nalenga gunia lililojaa matambara.

Kingine, usiachie ugwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mbao. Shemeji yangu alifanya hivyo kwa huu wa nne wiki ya kwanza, kaushika, kauvuta, kaachia anacheka. Nilipitisha ukucha mgongoni nikakuta ufa mwembamba kama unywele kando ya kifundo, karibu na ncha ya juu. Nikaudondoshea supa gluu, nikauzungushia uzi mwekundu mizunguko 20, mpaka leo umeshika, na kila anayekuja anasifia hapo, anadhani ni pambo.