Waliniambia miaka mitano, mimi nikamaliza minane na ushei

Jumapili nimeamka nakuta msichana mmoja wa Kisauni, Mombasa, kaniandikia inboksi, "Dada nimeshinda loteri ya visa, naingia Marekani mwezi wa tisa inshallah, niambie ukweli, uraia unachukua muda gani?" Nikaanza kumjibu nikafuta, nikarekodi sauti, dakika sita zikapita bado niko kwenye salamu, nikaona aibu kumtumia. Basi naandika hapa msome wote, maana swali hili naulizwa tangu nilipoweka ile picha yangu na kibendera.

Jibu fupi mdogo wangu ni miaka mitano tangu siku uliyopata grinkadi, ile kadi ya kuishi Marekani moja kwa moja. Mitatu kama umeolewa na raia na mnaishi nyumba moja kweli kweli. Fomu ya kuomba uraia unaruhusiwa kuituma siku 90 kabla mitano haijatimia, halafu unangoja intavyu, halafu kiapo. Mwenye mambo yaliyonyooka anamaliza mitano na nusu, sita hivi.

Mimi nimechukua minane na miezi saba. Na hapo sijahesabu loteri yenyewe, niliijaza Oktoba 2014 kwa saiba pale Likoni, jamaa wa saiba ananicheka ati dada hizo ni za watu wa Nairobi. Julai 2016 nikatua Columbus, Ohio, na mabegi mawili na sweta la mtumba la Kongowea ambalo Desemba ilipofika lilikuwa kama nimevaa leso. Miaka miwili ya kwanza sina cha kuwasimulia, ni shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na kulala mchana, basi.

Tarehe 1 Machi 2019 napigiwa simu, mama kaanguka bafuni. Kiharusi, upande wote wa kushoto umekufa. Ndugu zangu wote ni wanaume na mama alikuwa mtu wa haya zake, nani angemuogesha? Nikaacha kazi kwa simu, nikarudisha funguo za apatimenti, kitanda nikamuuzia jirani dola 40, tarehe 3 niko kwenye ndege. Nilijiambia mwezi mmoja. Nani ameuguza akajua ni mwezi mmoja? Nikawa namgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, uji namnywesha kwa kijiko kidogo cha chai, upande mmoja wa mdomo unamwagika nafuta naanza upya. Agosti tarehe 9 akatangulia mbele ya haki.

Sasa hapa ndipo hesabu ilipo. Ningepanda ndege baada ya hitma ya siku ya saba ningekuwa bado ndani ya miezi sita. Nikakaa arobaini ya mama yangu, kama mtoto yeyote wa kike angefanya, nikarudi Ohio tarehe 24 Septemba. Siku 205. Nimezidisha miezi sita kwa siku 21.

Nilijua? Sikujua. Aprili 2021 nikamlipa bwana mmoja dola 300 anijazie fomu, mwenzetu huyo, anajazia watu wengi na ni mtu wa kusalimiana na watu kila harusi. Nikamuuliza kwa mdomo wangu, hii safari ndefu haina shida? Akaniambia shida ni mwaka mmoja, wewe hujafikisha, lala usingizi. Ada ya serikali dola 725 juu yake.

Intavyu ikaja Februari 2022. Maswali ya uraia nikapiga sita mfululizo, kuyasoma nilikuwa nayasoma kwenye gari pakingi ya kazini, karatasi nimebandika mpaka kwenye dashibodi. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi, ofisa anatabasamu, nami moyoni nishavaa gauni la kiapo. Halafu akafungua paspoti yangu. Akaweka kidole kwenye muhuri wa Machi, akaenda kwa muhuri wa Septemba, kidole cha kwanza bado kiko pale pale hajakitoa. Kazi uliiacha? Niliacha. Nyumba uliiweka? Niliirudisha. Familia yako ilibaki huku? Sina familia huku. Kila jibu la kweli nikitoa naliona linanizamisha.

Kumbe sheria iko hivi. Ukikaa nje mwaka mzima au zaidi, mfululizo wako wa kuishi Marekani umekatika, hakuna mjadala. Ukikaa zaidi ya miezi sita lakini mwaka hujafikisha, wanachukulia umekatika mpaka WEWE uthibitishe vingine, kwamba kazi hukuacha, nyumba ilikungoja, watu wako walibaki. Mimi nilikuwa na nini? Risiti ya kitanda hata sikuandikiwa.

Barua ya kukataliwa ikaja, nilikuwa na siku 30 za kuomba nisikilizwe tena, na ada nyingine. Nililia, nikaikunja nikaiweka chini ya msahafu. Yule bwana simu zangu hapokei mpaka leo. Namuona tu kwenye makundi anawapongeza watu.

Na mtanisamehe, lakini hii tabia yetu ya kumuuliza fulani kwa sababu fulani alifika kabla yetu itatumaliza. Maelezo yote haya yameandikwa kwenye maelekezo ya fomu, bure, na mimi niliyesoma mpaka fomu foo niliona uvivu. Dola 300 nililipa uvivu wangu. Someni jamani! Kama kesi yako ina kona, tafuta wakili mwenye leseni, wa harusini mwache ale pilau.

Ushauri wangu ni daftari. Siku uliyotoka Marekani andika, siku uliyorudi andika, hata ukienda Canada harusini kwa siku mbili andika, maana fomu inauliza kila safari iliyozidi masaa 24. Hesabu pia jumla, katika ile miaka mitano, yaani miezi 60, lazima mwili wako uwe Marekani angalau miezi 30. Ukilazimika kukaa sana nyumbani (na utalazimika, sisi wote tuna wazazi) omba likizo kwa maandishi usiache kazi kwa simu, nyumba ilipiwe, kodi ya mapato ijaze, benki usifunge. Na kile kibali cha kurudia Marekani (reentry permit) wanachokwambia uchukue kinalinda grinkadi yako tu, mfululizo wa uraia hakiulindi. Daftari, nasema tena.

Mimi hesabu yangu ikabidi ianze tarehe niliyorudi, miaka minne na nusu ndipo ile safari iache kuninyonga, yaani Machi 2024, maana wanatazama miaka mitano ya nyuma, na ndani yake safari yangu ingebaki haizidi miezi sita. Nikatuma Mei, nikajaza mwenyewe onlaini, dola 710. Januari 2025 intavyu, kidole hakikuwekwa popote. Maswali kwangu yalikuwa ya kusoma 100, unaulizwa 10 upate 6. Wewe mdogo wangu utakuta mengine, waliotuma kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma 128, wanaulizwa 20, wapate 12. Anza kusoma kwenye ndege.

Kiapo kilikuwa Februari. Unapanga foleni unakabidhi grinkadi mezani, kadi niliyoilinda miaka yote ile, dada wa watu akaitupa kwenye kisanduku na zingine. Pembeni yangu bibi mmoja wa Kinepali analia kimya kimya. Kuna maneno ya kukana utii kwa nchi nyingine yoyote, hapo sauti ilinikauka, nikafikiria kaburi la mama Likoni, nikayasema lakini.

Kwa sisi Wakenya maneno hayo hayatuvui kitu, katiba ya 2010 inasema aliyezaliwa raia hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Ila sheria ya 2011 inakutaka uutangaze uraia wako wa pili ndani ya miezi mitatu, na hili watu wanalipuuza sana. Kiti kama cha ubunge usahau mpaka uukane huo uraia wa pili. Watanzania poleni, kwenu uraia pacha kwa mtu mzima bado haujaruhusiwa, nina shoga yangu wa Tanga ana grinkadi mwaka wa kumi na mbili, fomu haigusi kwa kuogopa kulipoteza shamba la babake. Simlaumu.

Mdogo wangu wa Kisauni, nitumie tarehe yako ya kuingia ukishafika, nakununulia daftari la kwanza. Mimi nimekata tiketi ya Mombasa Desemba, wakala ananiuliza narudi lini, nikamwambia hiyo ya kurudi aiache wazi kwanza.