Kayaki au mtumbwi wa wazi kwa mabwawa ya Hombolo na Mtera?

Ndugu, kama utakuwa peke yako, chukua kayaki (chombo chembamba cha kupiga kafi), ile ya kukalia juu. Mabwawa yetu ni ya wazi na mchana upepo huwa mkali. Kayaki inakaa chini, na kafi lake lina bapa pande mbili, hivyo unapiga kulia na kushoto chombo kikaenda sawa. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, kafi la sentimita 220 hadi 230 linatosha. Maji yakiingia yanatoka yenyewe kwenye matundu, na ukipinduka unapanda tena.

Mtumbwi una kingo zilizoinuka zinazoshika upepo. Ukikaa peke yako nyuma, omo, yaani mbele ya chombo, linainuka na upepo unakugeuza unavyotaka wenyewe. Dawa yake: piga magoti karibu na katikati na uweke dumu la maji la lita 20 mbele. Mwisho wa kila pigo, geuza bapa nje, kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini. Bila hivyo utazunguka tu.

Mkiwa wawili mna nyavu na ndoo za samaki, hapo mtumbwi unashinda. Kayaki haina nafasi hiyo. Ninyi na mzigo wenu msizidi theluthi mbili ya uzito wa juu wa kubeba ulioandikwa kwenye chombo.

Mtera kuna mamba na viboko, kwa hiyo waulize wavuvi wa hapo njia salama, toka asubuhi, na jaketi la kuokolea livae, usilikalie.